Utatuzi wa matatizo ya sheli na disketi katika Unix ya zamani

Makala hii inahusu sheli ya kompyuta. Kwa mahali panapouzwa petroli na dizeli, tazama kituo cha mafuta.

Utatuzi wa matatizo ya sheli na disketi ni kazi ya kutafuta chanzo cha kasoro katika kompyuta inayoendeshwa na Unix, au mfumo wa jamii yake kama Linux na Xenix, pale ambapo mtumiaji anaandika amri kwenye sheli na kuhifadhi mafaili kwenye disketi. Sheli ni programu inayopokea amri zilizoandikwa kwa kibodi na kuzipeleka kwenye kiini cha mfumo wa uendeshaji. Disketi, ambayo huitwa pia flopi au diski laini, ni kipande cha plastiki laini chenye utando wa sumaku ndani ya kifuko, na hutumika kuhifadhi data.

Disketi hazitengenezwi tena kwa wingi. Hata hivyo elimu hii bado ina kazi, kwa sababu ofisi, shule, parokia na vyama vya ushirika vilivyopata kompyuta katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 vina kumbukumbu ambazo hazipo mahali pengine isipokuwa kwenye disketi. Amri moja iliyoandikwa vibaya inaweza kuzifuta. Amri sahihi inaweza kuziokoa.

## Historia

Unix ilianzishwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani na Ken Thompson pamoja na Dennis Ritchie. Wakati huo watumiaji wengi waliwasiliana na kompyuta kwa mashine za kuchapa kwenye karatasi, ambazo zilichapa herufi kama kumi tu kwa sekunde. Kutokana na mwendo huo mdogo, amri nyingi za Unix ni fupi mno, kama `ls`, `cp`, `mv` na `rm`, na majibu yake pia ni mafupi. Amri ikifanikiwa, mara nyingi mfumo hausemi lolote. Mwanafunzi asidhani kwamba ukimya ni kosa: katika Unix ukimya kwa kawaida ni dalili ya mafanikio.

Sheli zilizoenea zaidi ni hizi:

- Sheli ya Bourne (`sh`), iliyoandikwa na Stephen Bourne na kutolewa pamoja na toleo la 7 la Unix mwaka 1979.
- Sheli ya C (`csh`), iliyoandikwa na Bill Joy huko Berkeley, California, mwishoni mwa miaka ya 1970.
- Sheli ya Korn (`ksh`), kazi ya David Korn, ya mwanzoni mwa miaka ya 1980.
- Bash (`bash`), iliyoandikwa na Brian Fox na kutolewa mwaka 1989 kwa ajili ya mradi wa GNU, na ambayo ndiyo sheli ya kawaida katika Linux nyingi.

Disketi za kwanza, za upana wa inchi 8, zilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1971. Zikafuata za inchi 5¼ mwaka 1976 na za inchi 3½, zilizobuniwa na Sony, mwaka 1981. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991, ilisambazwa pia kwa njia hiyo. Toleo la Slackware la mwaka 1993, kwa mfano, liligawanywa katika mafungu ya disketi nyingi, na disketi moja mbovu katikati ya fungu ilitosha kukwamisha kazi yote.

### Tanzania

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, na masharti hayo yalilegezwa baadaye. Hivyo kompyuta ziliwafikia watu wengi kwa kuchelewa, na nyingi zilizofika mashuleni zilikuwa zimekwisha kutumika ng'ambo. Mashine hizo zilikuja na kiendeshi cha disketi hata pale zilipokosa kiendeshi cha CD au njia ya intaneti. Kwa miaka mingi disketi ndiyo iliyobeba kazi kutoka kompyuta moja hadi nyingine.

Mwaka 2003 nchi ilipata Sera ya Taifa ya TEHAMA. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, mkusanyo wa programu za ofisi kwa Kiswahili. Lakini ujumbe wa makosa wa sheli umebaki kwa Kiingereza cha mkato, na hicho ni kikwazo kwa mwanafunzi anayeanza. Kwa sababu hiyo makala hii inaeleza maana ya ujumbe huo pale unapotajwa.

## Jinsi sheli inavyofanya kazi

Sheli inapokuwa tayari huonyesha alama ya kungojea amri. Katika sheli ya Bourne alama hiyo kwa desturi ni `$`, katika sheli ya C ni `%`, na kwa msimamizi mkuu wa mfumo ni `#`. Anayeona `#` awe mwangalifu zaidi, kwa kuwa mfumo hautamkataza jambo lolote.

Mtumiaji akiandika mstari na kubonyeza kitufe cha kuingiza, sheli hufanya mambo matatu kwa utaratibu. Kwanza huugawa mstari katika maneno kwa kufuata nafasi zilizoachwa. Pili hubadili alama za pekee: kinyota `*`, kwa mfano, hubadilishwa kuwa orodha ya mafaili yote yaliyomo katika saraka. Tatu hutafuta programu yenye jina la neno la kwanza na kuikabidhi maneno yaliyobaki.

Utaratibu huo unaeleza ajali iliyo maarufu kuliko zote. Amri `rm *.bak` hufuta mafaili yanayoishia na `.bak` tu. Amri `rm * .bak`, yenye nafasi moja ya ziada, hufuta kila faili katika saraka, kisha hulalamika kwamba faili liitwalo `.bak` halipo. Unix ya zamani haina mahali pa kurudishia kilichofutwa. Kinga yake ni rahisi: andika kwanza `echo *.bak`. Sheli itaonyesha orodha ileile ambayo `rm` ingepewa, bila kufuta chochote.

## Matatizo ya kawaida ya sheli

### Amri haipatikani

Ujumbe `not found` au `command not found` maana yake sheli imetafuta programu na kuikosa. Sababu huwa mojawapo ya hizi:

- Jina limekosewa. Unix hutofautisha herufi kubwa na ndogo, hivyo `LS` si `ls`. Amri ya kupachua disketi ni `umount`, si `unmount`. Kosa hilo ni la kawaida sana.
- Saraka yenye programu haimo katika orodha ya utafutaji. Orodha hiyo huonekana kwa `echo $PATH`.
- Programu imo katika saraka uliyomo, lakini sheli haitafuti hapo. Andika `./programu` badala ya `programu`.
- Amri ni ya sheli nyingine. Neno `export` ni la jamii ya Bourne. Katika sheli ya C hutumika `setenv`.

Ujumbe `Permission denied` ni tofauti. Faili lipo, ila ruhusa hakuna. Ukiandika `ls -l` utaona ruhusa zake. Kama ni programu yako mwenyewe, `chmod +x programu` huipa ruhusa ya kuendeshwa.

### Faili lililotoka DOS

Wakati mwingine programu ya sheli ipo, ruhusa zake ni sahihi, na bado jibu ni `not found`. Chanzo mara nyingi ni kwamba faili liliandikwa katika DOS au Windows, kisha likaletwa kwa disketi. Mifumo hiyo humalizia kila mstari kwa alama mbili, wakati Unix hutumia moja. Alama ya ziada, ambayo huonekana kama `^M` katika programu za kuhariri, hujishikiza kwenye jina la amri na kulibadili. Huondolewa hivi:

`tr -d '\015' < faili_la_zamani > faili_jipya`

Majina mawili lazima yatofautiane. Ukiandika jina lilelile pande zote mbili utapoteza faili, kwa sababu sheli hufungua na kusafisha faili la kupokea kabla `tr` haijaanza kusoma.

### Sheli inaonekana imekwama

Kabla ya kuzima kompyuta, jaribu mambo haya kwa mpangilio:

1. Bonyeza Ctrl na Q. Huenda Ctrl na S ilibonyezwa kwa bahati mbaya, nayo husimamisha maandishi kwenye skrini.
2. Bonyeza Ctrl na D. Amri kama `cat` isiyopewa jina la faili hungoja maandishi kutoka kwenye kibodi, na Ctrl na D huiambia kwamba maandishi yamekwisha.
3. Angalia alama iliyopo. Kama ni `>` peke yake, kuna alama ya kunukuu iliyofunguliwa bila kufungwa. Ifunge, au katisha amri.
4. Katisha amri kwa Ctrl na C. Katika Xenix na baadhi ya Unix za zamani kitufe cha kukatisha ni Del.

### Skrini imejaa alama zisizosomeka

Hali hii hutokea mtu anapoonyesha kwa `cat` faili lisilo la maandishi, kama picha au programu. Bonyeza Ctrl na J, andika `stty sane`, kisha Ctrl na J tena, hata kama huoni unachoandika. Kama kitufe cha kufutia kinaandika `^H` badala ya kufuta, amri `stty erase '^H'` hurekebisha.

### Kila kitu kimekuwa herufi kubwa

Unix za zamani zilikuwa na desturi ya kudhani kwamba mtu aliyeandika jina lake la kuingilia kwa herufi kubwa tupu anatumia mashine isiyo na herufi ndogo. Baada ya hapo zilionyesha kila kitu kwa herufi kubwa. Tiba ni kutoka, kuzima kitufe cha herufi kubwa na kuingia upya, au kuandika `stty -lcase`.

## Muundo wa disketi

Disketi ya inchi 3½ yenye msongamano mkubwa ina nyuso mbili, kila uso una njia 80 za duara, kila njia ina sekta 18, na kila sekta hubeba baiti 512. Jumla ni 80 × 2 × 18 × 512, yaani baiti 1,474,560. Kiasi hicho ndicho kinachouzwa kwa jina la megabaiti 1.44. Namba 1,474,560 ifaa kukumbukwa, kwa kuwa ndiyo ukubwa wa nakala kamili ya disketi.

Disketi ya inchi 3½ ina tundu lenye kijifuniko kinachoteleza. Tundu likiwa wazi, disketi haiwezi kuandikwa. Katika disketi ya inchi 5¼ mambo ni kinyume: pengo la ubavuni likizibwa kwa karatasi ya gundi ndipo haiandikwi. Ujumbe `Read-only file system` baada ya kujaribu kuandika mara nyingi hauna maana nyingine zaidi ya tundu hilo.

Tundu la pili, upande wa pili wa disketi ya inchi 3½, huitambulisha kuwa ya msongamano mkubwa. Wapo waliotoboa disketi za msongamano mdogo ili kuongeza ujazo. Disketi hizo husomeka kwa muda, kisha hupoteza data.

Kuandaa disketi ni hatua mbili ambazo wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kuchora njia na sekta, kazi inayofanywa na `format` katika Xenix au `fdformat` katika Linux. Ya pili ni kuweka mfumo wa faili kwa `mkfs`. Hatua zote mbili hufuta kilichokuwemo.

## Matatizo ya kawaida ya disketi

### Jina la kifaa

Katika Unix hakuna herufi A: kama ya DOS. Kila kifaa huonekana kama faili ndani ya saraka `/dev`. Katika Linux kiendeshi cha kwanza ni `/dev/fd0`, maana hesabu huanzia sifuri. Katika Xenix na SCO Unix jina hubeba maelezo ya disketi yenyewe: `/dev/fd0135ds18` ni kiendeshi namba 0, njia 135 kwa inchi, nyuso mbili, sekta 18. Ukitumia jina la disketi ya sekta 9 kwa disketi ya sekta 18, mfumo utatoa makosa ya kusoma ingawa disketi ni nzima.

### Disketi haipachikiki

Mtumiaji wa Unix haanzi kusoma disketi kwa kuiingiza tu. Sharti aipachike kwenye saraka, kwa mfano:

`mount -t msdos -o ro /dev/fd0 /mnt`

Maneno `-o ro` yanaagiza isomwe tu bila kuandikwa. Amri ikikataa, usikimbilie kusema disketi imekufa. Huenda haina mfumo wa faili kabisa. Watumiaji wengi wa Unix waliandika kumbukumbu moja kwa moja kwenye disketi kwa `tar` au `cpio`, na disketi ya namna hiyo haipachikwi. Jaribu `tar tvf /dev/fd0`. Ikiwa orodha ya mafaili itatokea, tatizo limekwisha. Soma orodha hiyo kabla ya kutoa mafaili: majina yakianza na `/`, `tar` ya zamani itayarudisha mahali pake pa awali na kufunika yaliyopo. Kama hakuna orodha, `od -c /dev/fd0 | more` huonyesha baiti za mwanzo, na mara nyingi jina la mfumo ulioandaa disketi husomeka humo.

### Mafaili yametoweka baada ya kunakiliwa

Mwanafunzi ananakili kazi yake kwa `cp`, alama ya `$` inarudi, anachomoa disketi, na kwenye kompyuta nyingine haikuti. Kosa haliko kwenye disketi. Unix huweka maandishi kwanza katika kumbukumbu ya muda, kisha huyaandika kwenye disketi baadaye. Amri `umount /mnt` hulazimisha uandishi ukamilike. Chomoa disketi baada ya alama ya `$` kurudi na taa ya kiendeshi kuzimika.

Jibu likiwa `Device busy`, kuna programu au sheli ambayo bado imo ndani ya saraka ya disketi. Mara nyingi ni sheli yako mwenyewe. Andika `cd /`, kisha rudia.

### Disketi, kiendeshi au waya?

Ili kujua kilicho kibovu, badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja:

- Disketi yenye mashaka inasomeka kwenye kompyuta nyingine: angalia kiendeshi cha kwanza.
- Disketi nzima nayo haisomeki kwenye kiendeshi hicho: kiendeshi ni kichafu au kibovu. Ondoa mara moja disketi hiyo nzima.
- Disketi inasomeka tu kwenye kiendeshi kilichoiandika: vichwa vya kiendeshi hicho vimehama mahali pake. Usikitupe kabla ya kunakili disketi zote zilizoandikwa nacho.
- Taa ya kiendeshi inawaka tangu kompyuta inapowashwa wala haizimiki: waya mpana wa data umechomekwa kinyume.

Jambo la tatu hupuuzwa mara nyingi. Ofisi inapoondoa kompyuta kuukuu na kubaki na disketi zake, huenda imeondoa mashine pekee iliyoweza kuzisoma.

## Mazingira: mfano wa Same na Milima ya Pare

Wilaya ya Same, Mkoa wa Kilimanjaro, inaonyesha vizuri jinsi mazingira yanavyoharibu disketi, kwa kuwa ina hali mbili zinazopingana katika eneo dogo. Mji wa Same upo tambarare, kando ya barabara kuu itokayo Moshi kwenda Korogwe, katika ukanda mkavu. Juu yake ipo Milima ya Pare Kusini, sehemu ya Tao la Mashariki, ambayo kilele chake ni Shengena, mita 2,462 juu ya usawa wa bahari, katika msitu wa Chome. Kule juu mvua ni nyingi na ukungu hutanda hata mchana.

Tambarare, adui ni vumbi. Feni ya kompyuta hutoa hewa nje kwa nyuma, na hewa ya kuchukua nafasi yake huingia kupitia matundu ya mbele, ukiwemo mdomo wa kiendeshi cha disketi. Kiendeshi ndicho kinachogeuka chujio la vumbi. Chembe ngumu ikikwama kati ya kichwa cha kusomea na disketi inayozunguka mara 300 kwa dakika, huchora mkwaruzo wa duara, na data iliyokuwa hapo hairudi. Dalili yake ni sauti ya kukwaruza. Ukiisikia, toa disketi, wala usirudie amri. Kufunika kompyuta kwa kitambaa baada ya kuizima, kupangusa meza kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kufagia kavu, na kutoacha kiendeshi wazi ni kinga isiyo na gharama. Jua nalo ni hatari: disketi iliyoachwa kwenye dirisha la gari lililoegeshwa stendi inaweza kupinda.

Milimani, adui ni unyevu. Disketi iliyokaa miaka kwenye kabati katika vijiji vya juu huota kuvu, ambayo huonekana kama madoa meupe ukisogeza mlango wake wa chuma na kuizungusha taratibu kwa kidole kupitia kitovu chake. Disketi yenye madoa isiingizwe kwenye kiendeshi. Kuvu itahamia kwenye vichwa, na kila disketi itakayofuata itaharibika. Itengwe mpaka isafishwe na mtu mwenye ujuzi. Hifadhi bora ni chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, mbali na jiko na mbali na ukuta wa nje. Disketi haianikwi juani.

Adui wa tatu, aliye pote pawili, ni kukatika kwa umeme. Umeme ukikatika wakati disketi imepachikwa, maandishi yaliyokuwa katika kumbukumbu ya muda hupotea. Kompyuta ikiwaka tena, inaweza kusimama na kuagiza msimamizi aendeshe `fsck`, programu ya kukagua na kutengeneza mfumo wa faili. Iendeshwe kabla mfumo huo wa faili haujapachikwa. Mahali penye umeme usioaminika ni busara kupachika disketi, kunakili, na kupachua papo hapo, badala ya kuiacha imepachikwa siku nzima.

## Kuokoa data ya disketi za zamani

Kanuni kuu ni kwamba disketi ya zamani isomwe mara chache iwezekanavyo, na isiandikwe kamwe. Utaratibu unaofaa ni huu:

1. Fungua tundu la kuzuia kuandika.
2. Kagua kwa macho kama kuna kuvu, mikwaruzo au mlango uliopinda.
3. Jaribu kiendeshi kwanza kwa disketi isiyo na thamani. Kikiwa kichafu, safisha vichwa kwa pamba na spiriti safi, kisha kiache kikauke.
4. Chukua nakala ya disketi nzima kabla ya kufungua faili lolote:

`dd if=/dev/fd0 of=disketi01.img bs=512 conv=noerror,sync`

5. Angalia ukubwa kwa `ls -l`. Disketi ya megabaiti 1.44 inatakiwa kutoa baiti 1,474,560.
6. Chukua nakala ya pili kwa jina jingine na uzilinganishe: `cmp disketi01.img disketi01b.img`. Ukimya maana yake zinafanana.
7. Andika namba ya nakala kwenye lebo ya disketi na kwenye daftari, pamoja na maneno yote yaliyokuwa kwenye lebo.

Katika amri ya `dd`, `if` ni mahali pa kusoma na `of` ni mahali pa kuandika. Atakayezibadilisha atafuta alichotaka kuokoa, na hiyo ndiyo sababu ya hatua ya kwanza. Maneno `noerror,sync` huagiza kwamba sekta isiyosomeka ijazwe sifuri na kazi iendelee. Bila hayo, `dd` husimama kwenye kosa la kwanza, na sekta zote nzima zilizo mbele yake huachwa.

Kazi yote inayofuata ifanyike juu ya nakala. Katika Linux, nakala hupachikwa kwa `mount -o loop,ro disketi01.img /mnt`. Programu `fsck` isiendeshwe kwenye disketi yenyewe, kwa sababu hutengeneza kwa kuandika, na inaweza kukata majina ya mafaili ambayo yangepatikana kwa njia nyingine. Kama sekta chache tu zimekufa, faili la maandishi mara nyingi hupatikana karibu lote. Amri `strings disketi01.img | more` huchuja maandishi yanayosomeka hata pale orodha ya mafaili imeharibika.

Asiye na kompyuta ya zamani anaweza kutumia kiendeshi cha nje cha disketi kinachochomekwa kwenye USB. Linux hukiita kwa jina la jamii ya `/dev/sda` au `/dev/sdb`, si `/dev/fd0`, hivyo jina lihakikishwe kwanza ili isije ikaguswa diski kuu. Viendeshi hivyo husoma disketi za inchi 3½ tu. Kwa disketi za inchi 5¼ inahitajika kompyuta yenye kiendeshi chake. Ikumbukwe pia kwamba disketi ya kilobaiti 360 iliyoandikwa na kiendeshi cha megabaiti 1.2 huwa na njia nyembamba, na mara nyingi haisomeki kwenye kiendeshi cha kilobaiti 360.

## Umuhimu wa sasa

Sony ilisitisha uuzaji wa disketi nchini Japani mwaka 2011. Viendeshi vilivyobaki vinazidi kuchakaa, na utando wa sumaku wa disketi hudhoofika kwa umri hata kama hazikuguswa. Kwa hiyo disketi inayosomeka leo haina hakika ya kusomeka miaka mitano ijayo.

Vitu vilivyomo si vidogo. Ni orodha za wanafunzi na alama zao, hesabu za akiba na mikopo, mihtasari ya mikutano ya vijiji, rejesta za ubatizo zilizopigwa chapa, na misamiati ya lugha kama Chasu iliyokusanywa kutoka kwa wazee ambao wengi wao wamekwisha kufariki. Mahali pengi karatasi za asili zilitupwa kwa imani kwamba kompyuta imekwisha kutunza.

Upande wa sheli, maarifa haya hayajazeeka. Amri za `ls`, `mount`, `dd`, `tr` na `tar` zinafanya kazi katika seva za leo karibu kama zilivyofanya katika miaka ya 1980, na simu za Android zinaendeshwa na kiini cha Linux. Mwanafunzi anayejifunza kuokoa disketi ya shule yake anajifunza wakati huohuo msingi wa kazi ya fundi wa mitandao.